Maiki ya riboni iliyofifia katikati ya sesheni ya taarab: 48V ililaumiwa, feni ndiyo iliyoiharibu

Wadau wa kurekodi, hiki kisa nakiandika kirefu makusudi, maana swali la maiki za riboni (zile zinazonasa sauti kwa utepe mwembamba wa aluminiamu) likiulizwa majibu yote yanaishia palepale, "usiwashe fantomu itakufa", yaani ule umeme wa 48V unaopelekwa kwenye maiki kupitia kebo, basi, mtu anaondoka anajua kitu kimoja na hicho kimoja siyo hata kinachoua maiki nyingi huku kwetu pwani. Mi ni fundi wa vifaa vya sauti, nipo Dar, na kazi hii niliitiwa Unguja, studio ndogo ndani ya nyumba ya zamani Mji Mkongwe, kikundi cha taarab kilikuwa kinarekodi. Mwenye studio ameniruhusu nieleze kila kitu, ila jina lake na la kikundi nayaacha.

Hali ilikuwa hivi. Fidla mbili, udi, ganuni, kodiani, besi ile kubwa ya kusimama, dumbaki, rika (ile tari ndogo), na mwimbaji. Wanapiga wote pamoja chumba kimoja, hawataki mambo ya mmojammoja na hedifoni, na mi nawaunga mkono kabisa, taarab asilia ukiitenganisha inapoa, wale watu wanasikilizana kwa macho na kwa pumzi. Fidla walizijaribu kwanza na kondensa (maiki ya aina nyingine, inayohitaji 48V) ya bei nafuu ya Kichina, ikatoka kali, ile sauti inayochoma, maalim anayepiga fidla ya kwanza alipochezewa akasema hii siyo fidla yangu. Na alikuwa sahihi. Kondensa nyingi za bei hiyo zina mwinuko mkubwa kule juu, kuanzia kilohezi 6 au 8 hivi kwenda mbele, kwenye sauti ya mtu unaweza kuvumilia ila fidla yenyewe tayari ina ukali wake wa upinde, ukiongeza na huo mwinuko unapata msumeno.

Hapo ndo mwenye studio akaitoa riboni aliyonunua mtumba. Siku ya kwanza kila mtu alifurahi. Nimezisikia hizo trak na kwa kweli ni nzuri, fidla ina mwili, ina mbao, upinde unausikia ila haukukwaruzi. Siku ya pili asubuhi bado safi. Wakaenda kuswali adhuhuri na kula, waliporudi fidla zikawa chini. Wakaongeza geini, ukaja mshindo wa "shhhh", wakaongeza tena, ikawa mbaya zaidi, na maalim anauliza mbona nimekuwa mbali hivi. Mtu mmoja akaangalia intafesi (kisanduku kinachoingiza maiki kwenye kompyuta) akaona taa ya 48V inawaka. Kesi ikaisha hapohapo, kijana msaidizi ndo kawasha, kijana kaunguza maiki. Mwenye studio akanipigia, "Fundi, kijana kaniunguzia riboni yangu, kuna dawa?"

Nilimwambia mambo machache na ningependa kila mwenye riboni ayajue kabla hajamfikia fundi. Usiipime na mita. Usiipulize wala kuigongagonga uone kama inasikia. Zima feni, zima 48V, subiri dakika moja ndo uchomoe kebo, ivalishe mfuko laini ikiwa bado kwenye stendi, alafu usifute faili hata moja, hata zile za mazoezi, hata zile zilizorekodiwa kwa kusahau. Hilo la mwisho ndilo lililookoa uchunguzi wote.

Kuhusu mita, naomba nieleze maana watu wanafanya sana. Ukiweka mita ya kupima oumu kwenye pini 2 na 3 za plagi ya riboni, kwanza mita yenyewe inatuma umeme kidogo, na huo umeme unausukuma utepe. Pili, hata ukipata namba, hiyo namba ni ya waya wa transfoma upande wa nje, siyo ya utepe. Utepe unaweza kuwa umekatika vipande viwili na mita ikakwambia kila kitu kiko poa. Kwa hiyo umehatarisha maiki na hujajifunza chochote.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua: ndani ya riboni hamna kapsuli ya plastiki kama kondensa wala koili kama maiki za jukwaani. Kuna utepe wa aluminiamu, nyingi zinakuwa na unene wa mikroni 2 mpaka 2.5, wakati unywele wa binadamu ni kama mikroni 70, na utepe huo umetiwa mikunjo midogo midogo kama bati la paa, umebanwa juu na chini, katikati unaning'inia kati ya sumaku mbili kali bila kuzigusa. Huu wa kisa chetu ulikuwa na urefu wa sentimita 5 hivi na upana milimita 5, piga hesabu ya uzito utapata miligramu moja na kitu. Hewa ikiutikisa ndani ya hizo sumaku unazaa umeme, ila umeme mdogo mno, na ukinzani wa utepe wenyewe uko chini ya oumu moja, ndo maana kuna transfoma ndani ya maiki inayopandisha volti kama mara 30 kabla haijatoka kwenye kebo. Utepe, sumaku, transfoma, basi. Zile za kawaida hazina saketi nyingine yoyote.

Sasa tuje kwenye mshtakiwa, yaani 48V. Mfumo wa fantomu unapeleka volti ileile kwenye pini 2 na pini 3, kila moja kupitia rezista ya oumu 6,800. Transfoma ya maiki imekaa katikati ya hizo pini mbili. Huku 48 na huku 48, tofauti ni sifuri, umeme haupiti, utepe haujui hata kama kuna taa imewaka. Hiyo ndo hali ya kawaida ya kebo nzima na maiki nzima ya kisasa. Kuna maiki za zamani sana ambazo transfoma yake ina waya wa katikati uliofungwa kwenye ngao (wavu wa waya unaozunguka kebo, pini 1), hizo ni habari nyingine na usizijaribu, na kuna riboni za kisasa zenye saketi ndani ambazo bila 48V hazitoi sauti kabisa, kwa hiyo soma karatasi ya maiki yako.

Hatari inaanza usawa ukivunjika. Pini moja imekatika ndani ya kebo, au imegusa ngao, au mtu anachomeka na kuchomoa huku 48V inawaka, hasa kwenye pachibei ya jeki (paneli ya matundu ya kuunganishia kebo), maana jeki ikiwa inaingia ncha yake inapita ikigusa sehemu zisizo zake. Hapo upande mmoja una volti na mwingine hauna, mkondo wa mpaka miliampia 7 unapita kwenye transfoma, na transfoma haifanyi kazi upande mmoja tu, kile inachopandisha volti kuelekea nje ndicho inachopandisha mkondo kuelekea ndani, kwa hiyo utepe unapata kishindo cha kama ampia 0.2 kwa muda mfupi sana, uko katikati ya sumaku kali, unaruka. Kwa hiyo sisemi fantomu haina madhara. Nasema ina masharti yake, na masharti yanapimika.

Tukayapima. Kebo ile ile iliyotumika, imechomolewa pande zote mbili, hapo ndo mita inaruhusiwa: pini 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, kisha kila pini dhidi ya nyingine kuona kama hazigusani, huku unaikunjakunja kebo karibu na plagi maana ndo zinapokatikia. Kebo nzima. Pachibei hamna, inaingia moja kwa moja kwenye intafesi. Nikamuuliza kijana taratibu, bila watu wengine, maana keshalaumiwa vya kutosha: mchana uliichomoa hii kebo? Akasema hapana, haijaguswa tangu siku ya kwanza. Na 48V uliiwasha lini? Akasema siku ya kwanza asubuhi, kwa ajili ya kondensa ya ganuni. Intafesi ile haina swichi ya fantomu kwa kila chaneli, inawasha kwa mafungu ya nne nne, zipo nyingi za aina hiyo. Ganuni ilikuwa chaneli 4, fidla chaneli 3. Maana yake ni kwamba zile trak nzuri za siku ya kwanza, zile zilizomfurahisha maalim, zote zilirekodiwa huku 48V inawaka. Kijana hakuunguza kitu. Nilimwambia mwenye studio mbele yake na nadhani ilikuwa muhimu, kijana wa watu alishaanza kufungasha.

Basi tukarudi kwenye mafaili. Huwezi kulinganisha leveli ya fidla asubuhi na mchana ukasema maiki imeshuka, pengine mpigaji kachoka, pengine kasogea. Unahitaji shahidi wa pembeni. Shahidi wetu alikuwa kondensa ya ganuni, maana chumba ni kimoja na fidla zinavuja humo. Kuna bashraf (kipande cha ala tupu, bila mwimbaji) waliipiga asubuhi na wakairudia mchana, kuna sehemu fidla zinabaki karibu peke yake, nikachukua sehemu hiyo nikapima tofauti ya leveli kati ya riboni na uvujaji kwenye maiki ya ganuni. Mchana riboni ilikuwa imeshuka kama desibeli 6 ukilinganisha na shahidi wake. Shahidi mwenyewe hakubadilika. Kwa hiyo siyo mpigaji, siyo upinde, ni maiki, na imebadilika ndani ya mapumziko.

Na hapa ndo ile faili ya kusahau. Kijana hakubonyeza kusimamisha wakati watu wanatoka, kwa hiyo mapumziko yote yamerekodiwa. Unasikia viti, unasikia watu wanaondoka, alafu kimya kidogo, alafu "tak", swichi ya feni. Feni ya kusimama, ile inayozungusha kichwa kushoto kulia. Kwenye trak za kondensa, zote zimevaa sponji, unaona mvumo mdogo tu wa feni. Kwenye trak ya riboni, ambayo ilikuwa imesimama wazi bila kitu, unaona mawimbi makubwa ya chini kabisa, yanavimba, yanapungua, yanavimba tena, kwa mpangilio uleule dakika baada ya dakika. Nikawasha feni ileile namba ileile nikaipima kwa simu inachukua muda gani kwenda na kurudi. Mpangilio ukalingana. Kila feni ilipogeuka kuelekea kwenye maiki utepe ulikuwa unasukumwa. Katikati ya hapo kuna mshindo mmoja mkubwa, mlango wa chini ule mzito wa mbao umefungwa kwa nguvu, trak ya riboni inagonga juu kabisa ya kipimo. Mi naegemea feni kuliko mlango, mlango ni mara moja, feni ilipiga muda wote waliokuwa nje.

Watu wanaona feni ni kitu kidogo kwa sababu wao wenyewe wanasimama mbele yake na inawaburudisha. Ebu tupige hesabu. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ambao feni ya kawaida inatoa ukiwa karibu nayo, unabonyeza kwa kama paskali 5 (paskali ni kipimo cha mgandamizo). Fidla ikisikika kwa desibeli 80 pale maiki ilipo, hiyo ni paskali 0.2. Unaona pengo? Ni zaidi ya mara 20, na sauti inaenda mbele na nyuma mamia ya mara kwa sekunde, utepe unarudi mahali pake kila saa, ila upepo unasukuma upande mmoja tu na kukaa hapohapo. Nyavu za kichwa cha maiki zinapunguza sehemu ya huo upepo, sawa, ila utepe ni miligramu moja. Mikunjo inavutika, ikishavutika hairudi. Ndo maana riboni unaweza kuiweka mbele ya tarumbeta au spika ya gitaa yenye makelele na ikadunda, Royer walipotoa R-121 yao mwaka 1998 wapiga gitaa walizipenda kwa kazi hiyohiyo, lakini mtu mmoja akisema "pa pa pa, hamjambo" kwa karibu akiwa anajaribu anaweza kuilegeza. Ukubwa wa sauti siyo tatizo lake. Hewa inayohama ndo tatizo.

Na hizi maiki kihistoria hazikuzaliwa kwenye mazingira yetu. Wazo ni la Walter Schottky na Erwin Gerlach pale Siemens Ujerumani miaka ya 1920, Harry Olson wa RCA Marekani akalifanya kuwa chombo cha kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930, BBC nao wakatengeneza za kwao. Ni vyumba vya redio vile, hewa imetulia, mtangazaji kakaa mbali. Maelekezo unayoyasoma leo mengi bado yanamwandikia mtu wa chumba cha namna hiyo, ndo maana 48V inaandikwa kwa wino mwekundu na upepo unapewa sentensi moja. Chumba cha Mji Mkongwe joto la kaskazi limeshika, madirisha yamezibwa ili makelele ya barabarani yasiingie, watu tisa ndani, feni lazima. Kwa hiyo huku sentensi ya upepo ndo inatakiwa iwe ya kwanza.

Nikaiangalia maiki yenyewe. Huna haja ya kuifungua kwa hatua ya kwanza: chumba giza kiasi, tochi ya simu nyuma ya nyavu, wewe unatazama kutoka mbele. Utepe mzima unaonyesha mistari miwili myembamba ya mwanga, kushoto na kulia, iliyo sawa kutoka juu mpaka chini. Huu wetu mistari ilikuwa sawa juu na chini ila katikati utepe umebetuka kwenda nyuma, umetoka kwenye njia ya sumaku. Na feni ilikuwa imesimama mbele. Yaani umesukumwa upande uleule ambao ungetegemea. Utepe ukitoka kati ya sumaku umeme unaozaliwa unapungua, hiyo ndo desibeli 6 yako, na kwenye noti nzito za besi zilizovuja ulikuwa unagusa ukingo, kulikuwa na mkwaruzo mdogo ambao mwanzoni walidhani ni dumbaki. Pia kulikuwa na chembe za chuma zimenasa kwenye ncha ya sumaku. Hizo ni za muda mrefu, sumaku za riboni zinavuta kila unga wa chuma unaopita, kwa hiyo ukifanya kazi ya kukata au kuchomelea vyuma, au hata kusugua kitu kwa waya wa masufuria, riboni iwe chumba kingine na imefunikwa.

Mwenye studio akauliza, haiwezi kuvutwa ikarudi? Inawezekana kuukaza ukapata sauti, ila mikunjo imeshanyooka sehemu ya katikati, tabia yake haitakuwa ileile, na itaendelea kulegea. Nikashauri utepe mpya.

Kuisafirisha mpaka Dar ni somo lake peke yake. Ilivaa mfuko, ikaingia kwenye boksi lake, boksi likafungwa polepole maana boksi linalobana vizuri ukilifunga kwa kishindo linasukuma hewa yote kwenye utepe, na ikasimama wima njia nzima nimeipakata kwenye boti. Wima siyo ushirikina, utepe ukilala kwa muda mrefu uzito wake wenyewe unaulegeza taratibu, hasa hizi zenye utepe mrefu.

Kazi ya kubadilisha siiandiki hatua kwa hatua, kwa sababu sitaki mtu aanze na maiki yake nzuri. Ila mambo haya yanasaidia kuelewa bei ya fundi. Foili ya jikoni haifai, ina unene wa mikroni kumi na kitu, nzito mara kadhaa, utapata maiki inayosinzia. Mikunjo inatengenezwa kwa kupitisha foili kati ya gia mbili ndogo. Vifaa vinatakiwa visiwe vya chuma kinachovutwa, bisibisi ya kawaida ukiisogeza inarukia kwenye sumaku na kupita na utepe wote, kwa hiyo shaba au plastiki. Feni imezimwa, barakoa usoni ili usiupumulie, chembe za chuma zinatolewa kwa karatasi ya gundi kabla utepe mpya haujaingia. Kuukaza ndo ufundi wenyewe, ukikaza sana sauti inakuwa nyembamba, ukilegeza sana unarudi kwenye tatizo lilelile.

Ilipokuwa tayari nilirekodi spika ikicheza sauti ileile, mara moja mbele ya maiki mara moja nyuma, umbali sawa. Riboni ya kawaida inasikia mbele na nyuma kwa nguvu sawa, ni umbo la namba nane, kwa hiyo kama pande mbili zinapishana sana utepe haujakaa katikati. Hiyo rekodi mwenye studio anayo, na nimemwambia airudie kila kabla ya kazi kubwa, geini ileile na spika palepale. Namba ikishuka atajua kabla maalim hajafika.

Niliporudi na maiki tulipanga chumba upya, na hapa ningetaka mtu asome taratibu maana ndo raha ya riboni. Lile umbo la namba nane maana yake ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, juu na chini ni kiziwi. Kwenye chumba cha watu tisa wanaopiga pamoja, hizo bavu ni mali kuliko hata hiyo sauti nzuri. Mwanzoni walikuwa wameielekeza fidla kwa mbele na nyuma yake iko dumbaki, kwa hiyo nusu ya trak ya fidla ilikuwa dumbaki. Tukaweka wapiga fidla wawili wakitazamana, maiki katikati, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mmoja kama sentimita 80. Dumbaki na rika zikaenda ubavuni. Kodiani ubavu wa pili na mbali zaidi, kwa sababu kodiani ina mvukuto na ule mvukuto unatoa hewa, sitaki hewa ile karibu na utepe. Dari la boriti kule juu liko upande kiziwi, sakafu vilevile, kwa hiyo mwangwi wa chumba ukapungua bila kuning'iniza blanketi hata moja. Maalim mwanzoni hakupenda kumtazama mwenzake, kazoea kukaa bega kwa bega, ila walipopiga mara moja akasema sasa namwona anavyovuta, tubaki hivi.

Kitu kimoja cha kuangalia: upande wa nyuma unatoka na polariti iliyogeuka, yaani wimbi linashuka pale la mbele linapopanda. Ndani ya trak yenyewe haisumbui, ila ukichanganya na maiki nyingine iliyo karibu na huyo wa nyuma, geuza kitufe cha polariti usikilize ipi ina mwili.

Umbali nao. Riboni ukiisogeza karibu besi inavimba sana, kuliko maiki nyingi ulizozoea. Kwa fidla chini ya nusu mita inaanza kuwa nzito isivyo asili. Ukiwa mbali leveli inakuwa ndogo na hapo ndo suala la geini linakuja. Hii maiki inatoa kama milivolti 2 kwa paskali moja, fidla yetu ya paskali 0.2 inatoa milivolti 0.4, ili ikae vizuri kwenye kompyuta unahitaji desibeli 50 na zaidi, na kwenye sehemu za upole 60. Intafesi yao inaishia hapohapo na ikifika mwisho inaanza kushindilia "shhh". Wakanunua kile kinyongeza kidogo kinachokaa kati ya kebo na intafesi, kinaongeza desibeli 20 na kitu safi. Zile za aina hii zinakula 48V zenyewe na haziipitishi kwenda kwenye maiki, hakikisha tu umenunua ya aina hiyo maana zipo chache zinazoipitisha. Kwa hiyo sasa taa ya 48V inawaka kwa ajili ya ganuni na riboni imekingwa nyuma ya kinyongeza.

Feni haikuondolewa. Siwezi kumwambia mtu wa Unguja aondoe feni. Ilihamishiwa ukutani juu ya mlango, imefungwa kichwa isizunguke, inapuliza kuelekea kwenye korido siyo kwenye duara la wapigaji, na mfuko wa maiki umefungwa kwa kamba kwenye stendi yenyewe. Kijana ndiye mwenye kazi hiyo: maneno "tupumzike" yakitoka, mfuko unashuka juu ya maiki kabla mkono haujagusa swichi. Usiku maiki inakaa wima kabatini na vifuko vya silika, vinabadilishwa vikishanyonya, maana hewa ya chumvi na aluminiamu ya mikroni 2 hazipatani.

Kwenye mikisi, fidla za riboni zilikuwa zinataka kuinuliwa juu kidogo, nikaweka desibeli 4 kuanzia kilohezi 8 na zikapokea bila kuchoma, ndo tofauti na kondensa ile, unaongeza unachotaka badala ya kupigana na kilichokuja chenyewe. Nyimbo zilizorekodiwa mchana ule mbaya zilirudiwa, isipokuwa ile bashraf. Asubuhi ilikuwa na udi uliopotea njia katikati, mchana wamepiga pamoja kuliko mara zote, na mpangilio mpya walipoijaribu haikufika pale. Kwa hiyo tuliitumia ya mchana, utepe umebetuka na yote: nikapandisha desibeli 6, nikakata chini ya hezi 120 kuondoa ule mkwaruzo, mshindo wa "shhh" ukafichwa na rika. Maalim alipoisikia aliuliza kama hii ndo ile ya maiki mbovu, nikamwambia ndiyo, akasema iwekeni ya kwanza.